Duara kwa Kalamu Nyekundu

Darasa la Sita B, msimu wa korosho, kijiji cha nje ya Newala.
Majina arobaini na saba, madawati kumi na mawili,
na mimi na kalamu yangu nyekundu.
Aliyekuja, vema. Asiyekuja, duara.
Oktoba ilipokwisha, ukurasa ulijaa maduara
kama mchanga ulioguswa na manyunyu.

Mratibu wa kata alikuja na pikipiki.
"Sababu ya utoro?"
Fomu ilikuwa na mstari mmoja, mfupi kama kidole.
Niliandika: mwamko mdogo wa wazazi.
Akaridhika, akanywa chai, akaondoka.

Mstari ule haukumtosha Somoe Nampoto,
aliyeamka jogoo la kwanza kushuka bondeni,
ndoo yake ikisukumwa nyuma na ndoo za wakubwa
hadi maji yakawa tope na jua likapanda.

Haukuwatosha Mfaume na nduguye Shaibu,
kaptula moja ya kaki, watu wawili:
Jumatatu ya huyu, Jumanne ya yule.
Niliwatia duara kwa zamu
nikidhani ni homa ya kupokezana.

Wala Chande, aliyetoka jandoni mwezi wa saba.
Nilipoinua fimbo alinitazama,
akakusanya daftari lake taratibu,
akatoka
kama mgeni aliyemaliza kahawa.

Wengine, nisiwasingizie shida,
walikwenda kukaa Shimo la Mungu
kuhesabu moshi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma.
Walipenda upepo tu.
Darasani kwangu upepo haukuwamo.

Na Dadi Chimbende?

Dadi alichelewa siku moja.
Korosho iliyodondoka usiku haimngojei mwenyewe,
huokotwa na aliyetangulia kuamka,
na mama yake alikuwa na mgongo mbovu.
Alifika mstarini tumeshaimba wimbo wa taifa.
Nilimpa vinne, vya kiganja,
kiganja kilichokwisha kuchunwa na mafuta ya maganda.
Hakulia. Alikipuliza.
Kesho yake alichelewa tena,
akaniona nimesimama mlangoni,
akageuka.
Keshokutwa hakujisumbua kuja kuniona.

Duara. Duara. Duara.
Mpaka jina likakatwa kwa rula,
mstari ulionyooka, nilikuwa na mkono mzuri.

Miaka tisa baadaye, juzi hii,
nilikwenda chama cha msingi kufuata malipo yangu.
Mbele yangu kijana, mabega ya kubebea magunia.
Nusu ya mavuno, wanasema watu wa foleni,
alishaiuza kwa kangomba maua hayajapukutika,
kwa bakuli, na bakuli halina namba.
Hii ndiyo nusu iliyobaki.

Karani alimsomea haraka, kama anayefukuza kuku:
"Kilo mia na themanini, weka dole hapa."
Mdomoni mia na themanini.
Karatasini mia na nane.
Niliiona kutoka nyuma yake, bila miwani.

Yeye aliitazama karatasi kwa adabu,
kama mtu anavyotazama
picha ya harusi ya watu asiowajua.
Akachovya kidole kwenye wino wa zambarau,
akakishusha.

Na pale, mwisho wa mstari,
duara.

Lile lile. Lilikua tu, likabadili rangi.

Sikujua kwamba nimepaza sauti.
"Karani. Soma tena. Polepole."
Chumba kikanyamaza, mizani ikaacha kulia.
Karani akasoma, akakohoa,
akaichana karatasi, akasema makosa ya kibinadamu.
Akaandika nyingine.

Kijana akageuka.
Alinijua kabla sijalitaja jina lake.
Macho yake hayakuanzia usoni mwangu;
yalishuka kwanza mikononi,
kuangalia kama nimeshika kitu.

Kisha akasema, "Shikamoo, mwalimu,"
na kiganja chenye wino
akakificha nyuma.